Orodha ya kazi katika simu: tuisafishe kabla haijatushinda



Siku ya posho iliyopita, kabla ya kufungua kikao, tulipeana kazi ndogo. Kila mama afungue simu yake na kuhesabu mistari iliyo katika orodha yake ya mambo ya kufanya. Mmoja alihesabu mpaka mia moja na ishirini akachoka. Mwingine alikuwa na orodha tatu: moja katika noti za simu, moja katika WhatsApp, na moja nyuma ya daftari la likelemba, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Mwingine tena alikuta ameandika "kununua viatu vya komunio", na mtoto aliyepaswa kuvivaa sasa yuko mwaka wa tatu wa sekondari. Tulicheka sana.

Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa kimya akatueleza yaliyompata mwezi wa sita. Kicheko kikaisha.

Ametupa ruhusa ya kuandika habari yake, ila jina lake tusilitaje. Ana binti wa miaka minane mwenye ugonjwa wa SS. Tunajua wote baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi, jinsi usiku unavyouma na asubuhi tunavyokota makala mapema ili watoto wapate maji ya moto. Kwa mtoto wa SS baridi hiyo si jambo la kuvaa sweta tu, maana inaweza kuleta maumivu makali ya mifupa. Munganga alikuwa amemwambia mama huyo mambo matatu: mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na dawa isikatike hata siku moja.

Mama aliandika. "Kuchukua dawa ya mutoto" ilikuwa katika simu yake tangu mwisho wa mwezi wa tano. Ilikuwa chini ya "kupaka rangi mlango", chini ya "kumuuliza shangazi sufuria kubwa", chini ya mapishi ya keki aliyotumiwa na rafiki. Kila siku alifungua orodha ile, akaona mistari mingi, moyo ukachoka, akaifunga. Dawa iliisha katikati ya juma. Siku mbili baadaye, usiku, mtoto alianza kulia miguu. Walilala hospitali usiku mara mbili.

Munganga alimuuliza: "Mama, dawa iliisha siku gani?"

Akajibu: "Niliandika, munganga. Iko mu simu."

Mtoto alipona. Mama hajui mpaka leo kama ni baridi, kama ni dawa, au kama ni vyote viwili. Alituambia kwamba yale maneno, "iko mu simu", bado yanamuuma. Ndiyo sababu juma hili tumeamua kuandika juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kuiweka orodha ya simu iwe fupi, safi, na yenye kusaidia.

Kwa nini orodha inajaa

Zamani tuliandika mambo yetu kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ina mwisho. Ikijaa, tunalazimika kuandika nyingine, na tunapoandika upya tunaacha yale yasiyo na maana tena. Simu haina mwisho wa karatasi. Inapokea yote bila kulalamika: jambo la leo, ndoto ya mwaka ujao, namba ya fundi, bei ya bitenge, neno la mahubiri lililotupendeza. Yote yanakaa mahali pamoja, kwa herufi za ukubwa uleule. Dawa ya mtoto na rangi ya mlango zinaonekana kuwa ndugu.

Tena kazi nyingi zinatufikia kwa njia ya watu wengine. Katika kikundi cha kanisa wanaandika "mama, usisahau viti". Katika kikundi cha wazazi wa masomo wanatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na ndani yake kuna tarehe moja tu ya maana. Ndugu wa Likasi anaomba tumtafutie kitu sokoni. Tunaandika yote kwa sababu hatutaki kumkosea mtu. Mwishoni orodha si yetu tena, imekuwa kapu la kila apitaye njiani.

Yale ambayo watu wa elimu wameona

Mwaka 1927 mwanamke mmoja mtafiti wa mambo ya akili, Bluma Zeigarnik, aliandika juu ya majaribio aliyofanya Berlin. Aliwapa watu kazi ndogondogo, akawaacha wamalize baadhi na kuwakatiza katikati ya nyingine. Baadaye walikumbuka zaidi zile walizokatizwa. Wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile kila mara. Lakini mama yeyote aliyelala kitandani akikumbuka saa sita ya usiku kwamba hakuloweka maharage anaelewa alichokuwa akitafuta.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha jambo linalotuhusu zaidi. Kazi isiyomalizika huingia katika mawazo ya mtu hata anapofanya kitu kingine, kama kusoma. Lakini wale waliopanga wazi watafanya nini, lini na wapi, mawazo yao yalitulia, ingawa kazi yenyewe ilikuwa bado haijafanyika. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Mstari unaosema "dawa" hautulizi moyo. Unaosema "siku ya kazi ine asubuhi, nikitoka kumpeleka mtoto masomoni, napita hospitali kuchukua dawa" unautuliza, kwa sababu umeshaamua.

Jambo la tatu ni ukubwa wa kichwa chetu. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba mtu anaweza kushika vitu kama saba kwa mara moja. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliandika kwamba ni kama vinne tu. Hatuhitaji kuamua nani ana haki. Tunajua tu kwamba macho yakikutana na mistari mia, akili inakimbia.

Wazee wetu wa Katanga walilijua jambo hili kwa njia yao. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti wa kushikwa mkononi, uliopigiliwa shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kuusoma, walipitisha kidole juu yake na kusimulia habari za wafalme, za safari, na za mahali patakatifu. Ubao ulitosha mkono mmoja. Shanga moja iliamsha habari ndefu, kwa sababu aliyeugusa alijua kila shanga inasimama kwa ajili ya nini. Orodha ya siku yetu nayo inaweza kuwa hivyo, ndogo ya kushika mkononi, na kila mstari tunajua unatuita kufanya nini.

Tuanze kwa kutenganisha

Tulikaa na simu zetu karibu saa nzima, tukajaribu pamoja. Haya ndiyo yaliyotusaidia.

Kwanza, tuchague mahali pamoja. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia programu ya noti iliyo ndani ya simu, au Google Keep. Asiyetaka programu mpya atumie WhatsApp, ambayo tangu 2022 inaruhusu mtu kujiandikia ujumbe yeye mwenyewe. Mahali pazuri ni pale ambapo mkono wako unaenda bila kufikiri. Lakini pawe pamoja tu. Orodha tatu ni sawa na kutokuwa na orodha, kwa sababu kila moja inatufanya tuamini kwamba jambo liko katika nyingine.

Pili, yenye tarehe yaondoke katika orodha. Hili ndilo kosa lililomwangusha mwenzetu. Jambo lenye siku yake halikai katika orodha, linaingia katika kalenda ya simu na kupewa kengele. Chanjo za mtoto ni mfano mzuri. Baada ya zile za kuzaliwa, kuna za majuma 6, majuma 10, majuma 14, kisha za miezi 9. Mama aliyejifungua leo anaweza kuweka kengele hizo nne akiwa bado kitandani, kila moja siku moja kabla, na hatahitaji kuzibeba kichwani. Likelemba nayo inarudi kila juma au kila mwezi, basi tuiwekee kengele inayojirudia. Kwa dawa ya kila siku, tuweke kengele mbili: moja ya saa ya kunywa, na nyingine ya siku ambayo kisanduku kitabakiwa na dawa za juma moja. Tusingoje kisanduku kitupu.

Tatu, matamanio yapewe chumba chao. Rangi ya mlango, keki, kitenge kile tulichokiona, mawazo ya biashara ya siku moja: si mabaya, na hatuyatupi. Tufungue noti nyingine, tuiite "Siku moja", tuyahamishie huko. Noti hiyo tuisome mara moja kwa mwezi, tukiwa tumetulia.

Nne, habari si kazi. Namba ya fundi, bei ya unga, vipimo vya nguo za watoto, vyote hivyo ni kumbukumbu. Viwe na noti yao. Na hapa tuseme kwa nguvu: namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money isiandikwe katika noti yoyote ya simu. Simu ikiibwa sokoni, mwizi asome orodha yetu ya sombe tu, asisome na pesa zetu.

Baada ya kufanya haya manne, mama aliyechoka kuhesabu alibakiwa na mistari kumi na tisa. Hakuwa amefanya kazi hata moja bado, lakini alisema kifua chake kimekuwa chepesi.

Mitano ya leo

Katika hiyo iliyobaki, kila jioni tuchague mitano ya kesho. Si kumi. Siku ya mama ina kazi nyingi ambazo haziandikwi: kuchota maji wakati bomba linatoka, kupika bukari, kufua, kumsikiliza mtoto aliyepigana na mwenzake. Hizo zinakula sehemu kubwa ya siku, na anayeandika kumi juu yake anajiwekea mtego wa kujilaumu jioni. Tukimaliza mitano na jua lingali juu, tunaweza kuchukua wa sita kwa furaha.

Mstari uanze na neno la kitendo, uwe na mahali au mtu. "Masomo ya watoto" si mstari, ni mzigo. Mwezi wa nane kila mmoja wetu ana mzigo huo. Masomo ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini daftari, viatu na uniformu hazikuwa bure, na minervali ya wale wa sekondari iko palepale. Mzigo kama huo tuufungue. "Kupima viatu vya watoto wote watatu" ni kazi ya nusu saa nyumbani, bila franga. "Kuuliza bei ya daftari soko ya Kenya" ni kazi ya pili. Kila jioni tuandike hatua inayofuata tu, nyingine zingoje zamu yake.

Wengine wetu tumeona inasaidia kupanga kwa mahali. Yote ya mjini kwa safari moja, yote ya sokoni kwa safari moja. Nauli ya kurudi mara mbili kwa sababu tulisahau nyanya ni pesa ya nyanya. Wenye biashara ya kwenda Kasumbalesa wanajua hili kuliko wote: ukifika mpakani na kukumbuka kwamba karatasi imebaki nyumbani, siku imeharibika.

Na kwa sababu umeme unakatika na simu inazimika wakati tusioutaka, mitano ile tuiandike pia kwenye karatasi ndogo asubuhi. Mama asiye na simu kubwa asifikiri makala hii si yake. Simu ya vibonye ina kengele, na karatasi ya mistari mitano inafanya kazi ileile.

Usafi wa siku ya Mungu

Nyumba haifagiwi mara moja kwa mwaka, na orodha ni hivyohivyo. Tumekubaliana dakika kumi na tano, siku ya Mungu jioni. Tunafuta yaliyokwisha. Tunafuta yaliyopitwa na wakati bila kujilaumu, kama vile viatu vya komunio. Halafu tunatazama mistari iliyokaa zaidi ya majuma matatu bila kuguswa, na tunaiuliza maswali.

Je, inakosa pesa? Basi kazi ya kweli ni kutafuta au kuweka pesa hiyo kidogokidogo. Tuandike hiyo.

Je, ni ya mtu mwingine? Hapa tuseme ukweli. Wengi wetu tumeandika kazi ambazo baba ya watoto anaweza kuzifanya, au kijana wa miaka kumi na tano anayelala mchana wa likizo. "Kumwita fundi wa paa" haihitaji mama. Tumpe mwenye mikono, tumwambie siku, na tufute kwetu. Mama mmoja alisema akimpa mumewe kazi, ataikumbusha mara tano. Tulimjibu: mpe pamoja na kengele, katika simu yake, si katika yako.

Je, tunaogopa? Mstari wa namna hii ndio unaokaa zaidi. Kumpigia ndugu tuliyegombana naye. Kwenda kupima uvimbe. Kuuliza deni. Jambo la namna hii halikosi nafasi katika orodha, linakosa mtu wa kutushika mkono. Lilete kwenye kikao, au kwa mwenzako mmoja unayemwamini, mwende wawili.

Je, bado tunalitaka? Kama hapana, tulifute. Kusema hapana kwa jambo moja ni kulipa jingine nafasi.

Kwa vikundi vyetu

Mambo ya kikundi nayo yanahitaji usafi. Ujumbe wa maana unapotea chini ya sala za asubuhi, picha za maua na salamu za siku ya kuzaliwa. Tunapendekeza mambo matatu. Kila uamuzi wa kikao uandikwe kwa mstari mmoja wenye jina na siku: nani, afanye nini, mpaka lini. Mstari huo ubandikwe juu ya mazungumzo, WhatsApp inaruhusu. Na anayetuma ujumbe mrefu wa sauti wenye tarehe ndani yake aandike tarehe hiyo chini kwa herufi, kwa ajili ya mama aliye sokoni, asiye na mega za kutosha, au asiyeweza kusikiliza akiwa kazini.

Kazi iliyoandikwa "wamama wote walete" haina mwenyewe. Tumeona hivyo mara ngapi kwenye matanga: sufuria sita za wali na hakuna hata mmoja aliyeleta chumvi.

Tulimuuliza mwenzetu wa mwezi wa sita atuonyeshe simu yake ya leo. Ina mistari mitano. Dawa haimo kabisa katika orodha. Iko katika kalenda, na kengele inalia siku ya kazi ine saa kumi na mbili ya asubuhi, ikiwa na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe: "Hesabu dawa zilizobaki." Ameiweka pia katika simu ya baba ya watoto na ya binti yake mkubwa. Juma lililopita simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme. Binti ndiye aliyehesabu.

Siku ya posho ijayo tuje na simu zetu zikiwa na moto, na karatasi moja kila mama. Tutafanya usafi pamoja kwa dakika kumi na tano kabla ya hesabu ya likelemba. Mwenye mtoto anayekunywa dawa ya kila siku aje mapema kidogo: tutaanza na kengele yake.